Waachie chozi utando wa buibui

Kama una kibaraza na mti mmoja wa maua hapa Mwanza, uwe Nyegezi, Kirumba au huku juu kwenye mawe ya Isamilo, chozi, yule ndege mdogo anayefyonza utamu wa maua, anapita kwako. Dume wa kifua chekundu humkosi: mweusi, koo linametameta kijani jua likimpiga. Jike ni wa kahawia tu, wengi hudhani ni ndege mwingine kabisa. Lakini mwangalie jike zaidi, maana fundi ni yeye.

Kiota chake huning'inia kwenye ncha ya tawi, kwenye waya, hata kwenye nondo iliyochomoza chini ya paa. Ni nyasi kavu, majani na vipande vya magome, mlango ubavuni kuelekea juu, na ndani ametandika vitu laini. Kinachoshika vyote hivyo ni utando wa buibui. Upepo wa ziwa ukivuma, kiota hunesa wala hakikatiki. Sasa sisi kila Jumamosi tunapitisha ufagio mrefu kila pembe ya nyumba, halafu tunauliza mbona viota viko kwa jirani tu. Ndani safisha upendavyo. Nje, chini ya paa na kwenye ua, acha utando. Dawa ya kupulizia wadudu nayo iache, kwa sababu makinda hulishwa wadudu na buibui. Utamu wa maua peke yake hauwakuzi.

Kiota kikishatundikwa, panga likae mbali. Kijana anayenikatia ua nilimwambia, "Mdogo wangu, tawi hili usiliguse."

"Sawa mama, ila lina nyigu."

Ni kweli, chozi huyu mara nyingi hujenga jirani na nyigu. Tuliwaacha wote. Mayai kwa kawaida huwa mawili, na tangu kutagwa hadi makinda kuruka ni kama mwezi mmoja. Mwezi wa kuvumilia ua usionyooka si mrefu.

Kuwawekea maji ya sukari mimi sipendi. Panda shubiri au haibiskasi; ukiwa na mgomba, ua lake wanalipenda sana.

Jambo la mwisho ni kioo cha gari. Dume akiona sura yake humo hudhani ni mpinzani, atapigana nayo asubuhi nzima badala ya kula. Ukiegesha, kivalishe mfuko au soksi kuukuu.