Ukitaka kuliona Wingu Dogo la Magellan, anza na giza

Siku tatu mfululizo nililikosa wingu hilo, ambalo kwa kweli ni galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota, nikiwa pwani ya Lindi, kusini mwa Tanzania. Nilikuwa nimechagua siku za giza, mwezi haupo, na hapo sikukosea. Ila giza ndilo wanalolisubiri wavuvi wa dagaa pia, na taa zao baharini zilinipiga machoni kila nilipogeuka. Siku ya nne nilihamia nyuma ya mikoko, nikakaa nusu saa bila kuwasha simu, na likajitokeza: doa jeupe, hafifu, kama moshi uliosahau kupaa.

Kwa hiyo darubini iache kwanza. Tafuta mahali pasipo na taa upande wa kusini, na usiguse simu, maana mwanga wa kioo chake hufuta kazi yote iliyofanywa na macho kuzoea giza. Katikati ya Novemba, kwenye saa tatu usiku, tazama kusini utaona nyota angavu iliyo peke yake, Achernar, jina la Kiarabu lenye maana ya mwisho wa mto. Nyosha mkono, shuka ngumi moja na nusu hivi kuelekea chini kulia. Usilikazie macho wingu lenyewe. Tazama pembeni yake kidogo, litakolea.

Karibu nalo kuna kitone chenye ukungu, nami nilikidhani ni kipande chake. Sicho. Ni 47 Tucanae, fungu la nyota la galaksi yetu wenyewe, umbali wa miaka-nuru 15,000 hivi (mwaka-nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Wingu liko mbali zaidi, karibu miaka-nuru 200,000. Ni galaksi ndogo inayojitegemea, yenye nyota mamia ya mamilioni, na haina umbo la kueleweka kwa sababu Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani yake, na galaksi yetu zinalivuta huku na huku.

Nyota zake ndizo zilizotupa kipimo cha anga. Mwaka 1912 Henrietta Leavitt, mwanaastronomia wa Harvard, Marekani, alichunguza nyota 25 za wingu hili ambazo mwanga wake hupanda na kushuka, akathibitisha kwamba inayochukua muda mrefu kwa mzunguko mmoja ndiyo yenye mwanga mwingi. Ukijua muda wake, unajua mwanga wake halisi; ukiulinganisha na unavyoonekana kwetu, unaweza kukadiria umbali wake. Alifanya kazi hiyo kwa picha zilizopigwa Arequipa, Peru, kwa sababu kule Massachusetts, Harvard iliko, wingu hilo halichomozi kamwe. Kwetu Lindi, linachomoza.