Vilio vya Saa 12 Jioni

Kwa karibu mwaka mzima niliamini kwamba binti yangu mkubwa, aliyekuwa na umri wa miaka minne, alikuwa na ukorofi uliojificha mchana na kujitokeza jua likizama. Asubuhi alivaa viatu mwenyewe na kumpangusa mdogo wake makamasi bila kuombwa. Ikifika saa 12 jioni, mtoto huyo huyo aligaagaa sakafuni kwa sababu nimemtilia maji katika kikombe cha bluu badala ya chekundu, na nilipoyahamishia katika hicho chekundu alizidi kulia, kwa kuwa maji yenyewe yalikuwa yamekwisha kuingia kwenye kile cha bluu. Siku hiyo ya vikombe nilimfokea kwa sauti ambayo sikujua kuwa ninayo. Mdogo wake, mwenye mwaka mmoja na nusu, naye aliangua kilio, chakula kikaungua jikoni, na baba yao alipofungua mlango alitukuta sote watatu tunalia.

Usiku ule, walipokwisha kulala, nilichukua daftari. Wazo halikuwa langu. Mama yangu aliwahi kuniambia kwamba anayetaka kujua kwa nini mtoto analia, kwanza ajue ameamka saa ngapi na amekula saa ngapi, nami nilikuwa nimeitikia tu kwa heshima na kuendelea na shughuli zangu. Sasa kwa siku 14 niliandika mambo manne: saa ya kuamka, saa ya kula, saa ya kulala mchana, na saa ya kila kilio kikubwa pamoja na jambo lililoonekana kukianzisha. Maoni yangu sikuyaandika. Mama yeyote aliyechoshwa na jioni zake namshauri aanzie hapo, kabla hajafuata ushauri wa mtu mwingine, huu wangu ukiwemo, kwa maana kumbukumbu ya mtu aliyechoka si shahidi wa kutegemewa.

Daftari lilinitia aibu. Sehemu ya vianzishi vya kilio ilijaa soksi, vikombe na mlango uliofungwa na mtu asiyestahili kuufunga, lakini sehemu ya saa ilisema jambo moja: vilio karibu vyote viliangukia kati ya saa 11 jioni na saa 2 usiku. Nilipotazama sehemu ya chakula, niliona kwamba binti yangu alikuwa akila chakula cha mchana saa 7, kisha hapati kingine cha maana hadi saa 2 usiku, wakati baba yao amekwisha kurudi na sisi sote tumeketi pamoja mezani. Ni saa saba hizo, kwa tumbo la mtoto wa miaka minne. Mimi mwenyewe nikikaa saa saba bila kula, hakuna anayetamani kuzungumza nami.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililobadilisha ni saa ya chakula, na hadi leo ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote. Watoto sasa wanakula saa 12 jioni kamili, na saa 10 alasiri wanapata kitu kidogo cha kushikilia tumbo. Ili jambo hili liwezekane, ilinibidi niache kupika jioni. Sehemu kubwa ya maandalizi huifanya usiku wa kuamkia siku hiyo au mapema asubuhi, na jioni inabaki kazi ya kupasha moto. Kuna watakaosema kwamba familia inapaswa kula pamoja, nami nakubaliana nao, ila kula pamoja huku wawili kati yetu wanalia nilikwisha kukujaribu na hakukuwa na umoja wowote. Huketi nao mezani, nikaonja kidogo, tukazungumza. Chakula cha pamoja tumekihamishia siku za mapumziko, mchana, wakati kila mtu ana akili zake timamu.

Usingizi ulinichukua muda mrefu zaidi kuuelewa, kwa sababu dalili zake zilinidanganya. Mtu mzima akichoka huzubaa. Mtoto mdogo aliyechoka kupita kiasi mara nyingi hufanya kinyume: anakimbia huku na huku, anapanda viti, anacheka kwa sauti ya juu isiyo na sababu, kisha ghafla anaangua kilio. Mwili wake, baada ya kupitiliza saa ya kulala, unatoa homoni za kumweka macho, na mzazi anayemtazama husema, kama nilivyokuwa nikisema mimi kila usiku, kwamba huyu bado hana usingizi, mwache acheze. Dalili za kweli huja mapema na kwa upole: kufikicha macho, kuvuta sikio, kutazama mahali pamoja bila kuona, kujikwaa kwenye kitu alichokipita siku nzima bila shida. Ukizisubiri hizo za kelele, umekwisha kuchelewa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano, linaeleza kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, na wa miaka mitatu hadi minne saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukihesabiwa humo. Binti yangu alikuwa ameacha kulala mchana, akilala saa 4 usiku na kuamshwa saa 12 asubuhi ili awahi shule ya awali. Ni saa nane. Kila siku alikosa saa mbili au zaidi, nami nikaita upungufu huo ukorofi. Namna rahisi ya kupanga ni kuhesabu kurudi nyuma: ukijua mtoto ataamka saa 12 asubuhi, na unataka alale saa 11, basi saa 1 usiku awe amekwisha kusinzia, jambo lenye maana kwamba kuoga kunaanza kabla ya hapo na chakula kinaanza kabla ya kuoga. Hesabu hii ndiyo iliyonionyesha kwamba jioni yangu haikuwa na nafasi ya mambo niliyokuwa nikiyarundika humo.

Usijaribu kumrudisha mtoto kutoka saa 4 hadi saa 1 kwa usiku mmoja. Nilijaribu, naye alilala chali gizani akiimba kwa muda wa saa mbili. Baadaye nilipunguza dakika 15 kila baada ya siku mbili au tatu, na ilichukua kama mwezi kufika tulipotaka. Usiku wa mwanzo ulikuwa mgumu kuliko ule wa zamani, kwani alitoka chumbani mara tano, mara sita, mara kwa kiu, mara kwa kusikia mdudu. Kila alipotoka nilimshika mkono, nikamrudisha na kumwambia sentensi ile ile, bila hasira na bila hadithi mpya: «Sasa ni wakati wa kulala, mwanangu, mama yupo hapa nje.» Sentensi isiyobadilika inachosha kuisikiliza, na hilo ndilo linalotakiwa.

Kuhusu simu na televisheni, sitajifanya mtakatifu. Nusu saa ya katuni imeniokoa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mwongozo huo huo unasema kwamba mtoto wa mwaka mmoja hapendekezewi kabisa kukaa mbele ya skrini, na kwa wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Sisi tulikuwa tukiitumia saa hiyo wakati mbaya kuliko wote, yaani mara tu kabla ya kulala. Ubongo hutoa homoni ya usingizi iitwayo melatonini giza linapoingia, na mwanga mkali karibu na macho huichelewesha. Sasa kama kuna katuni, ni kabla ya saa 11 jioni, na baada ya chakula taa za sebuleni tunazipunguza kwa makusudi.

Kisha kuna mpangilio wenyewe: chakula, kuoga, kupiga mswaki, nguo za kulalia, hadithi, taa. Nilidhani mpangilio usiobadilika ungewabana watoto, na kumbe aliyebanwa ni mimi. Usiku mmoja nilikuwa nimechoka mno, nikataka kuruka mswaki kimyakimya, mkubwa akakaa kitandani wima akaniambia kwa sauti ya hakimu, «Mama, meno hatujayapiga mswaki.» Mtoto anayejua kinachofuata hana haja ya kupambana nawe katika kila hatua, kwa kuwa anayeamuru si wewe tena, ni mpangilio. Nilijifunza pia kutouliza maswali ambayo sina nia ya kupokea jibu lake. Ukimwuliza mtoto kama anataka kuoga, umempa haki ya kusema hataki, na kumlazimisha baada ya hapo ni kumfundisha kwamba maswali yako ni ya uongo. Mwulize ataanza kuvua shati au suruali. Wakati mwingi atachagua, tena kwa fahari.

Neno moja juu ya kuoga, kwa sababu jioni ni saa ya haraka na haraka ndiyo hatari yenyewe. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache tu, iwe ni kwenye beseni au ndoo, na mara nyingi huzama kimya bila kupiga kelele. Simu ikiita, iite. Ukihitaji taulo uliyoisahau, mtoe mtoto majini uende naye. Tia maji baridi kwanza ndipo uongeze ya moto, usianze na ya moto, na uyapime kwa kiwiko kabla hajaingia. Wote wakitoka, yamwage maji papo hapo.

Kilio kikianza licha ya yote hayo, nimeacha kuhutubu. Sehemu ya ubongo inayomwezesha mtu kuzuia hasira yake huendelea kukua hadi miaka ya ishirini na kitu, na kumtaka mtoto wa miaka miwili ajidhibiti katikati ya kilio ni kumdai deni ambalo hajakopa. Hupiga magoti nilingane naye kimo, nikasema maneno machache, «umekasirika, ulitaka chekundu,» kisha nikanyamaza karibu naye. Akipiga au kutupa vitu huushika mkono wake na kumwambia sitamruhusu apige. Mafundisho hungoja kesho asubuhi, baada ya kifungua kinywa. Na pale ninapokuwa nimefoka mimi, humwomba radhi kwa kulitaja kosa langu, bila kuongeza kwamba yeye ndiye aliyenisababisha.

Baba yao alikuwa akinisaidia tangu zamani, na tatizo lilikuwa katika neno hilo kusaidia. Aliniuliza afanye nini, nikamwambia, akafanya, na kazi ya kukumbuka kila kitu ikabaki kichwani mwangu. Tulipokaa kuzungumza, siku ya mapumziko, tukiwa hatuna hasira wala njaa, tulikubaliana kwamba siku anazowahi kurudi, kuoga na mswaki ni vyake tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na kujua kama taulo limekauka na kama dawa ya meno imebaki. Sharti langu lilikuwa gumu zaidi: nisiingie bafuni. Mdogo ametoka humo mara kadhaa akiwa amevaa nguo ya kulalia kinyume, nami nimeuma ulimi. Nguo iliyogeuzwa haijamzuia mtoto yeyote kulala.

Kwa wenye watoto wawili wanaolala chumba kimoja, kilichotufaa ni kumtanguliza mdogo kwa nusu saa. Dakika hizo za mkubwa peke yake, akiwa kifuani pangu na hadithi yake, zimepunguza wivu kuliko mahubiri yote niliyowahi kumpa kuhusu kumpenda ndugu yake. Na usingizi wa mchana wa mdogo haupiti saa 9 alasiri. Siku ulipopita saa hiyo, daftari lilionyesha wazi, usiku wake uliharibika.

Kuna hali ambazo saa na mpangilio haziwezi kuzitatua. Mtoto anayekoroma kwa nguvu karibu kila usiku, au anayeonekana kusitisha pumzi usingizini, na anayeamka amechoka ingawa amelala saa za kutosha, apelekwe kwa daktari, kwani huenda tezi za nyuma ya pua au za koo zimevimba na kuziba njia ya hewa. Nawe mama, huzuni au hasira ikikuandama kwa zaidi ya wiki mbili, hata siku ulizolala vizuri, nenda ukamweleze mhudumu wa afya kama ambavyo ungemweleza homa.

Jioni zetu bado huvurugika, wageni wakija, jino likiota, au shughuli zangu zikinichelewesha nje. Wiki iliyopita tulifika nyumbani saa 2 usiku, mkubwa akiwa amelala begani mwa baba yake. Nilimvua viatu, nikamfunika akiwa bado na nguo zake za mchana, miguu yake ikiwa na vumbi. Aliamka saa 12 asubuhi, akajinusa, akaniuliza kwa mshangao ni nani aliyesahau kumwogesha.