Kabla ya Rangi, Uliza Nani Atakifua

Mwanafunzi akija kwangu siku ya kwanza, humsimamisha mbele ya majora na kumwambia achague kitambaa cha kuvika kochi la nyumba yenye watoto wawili wadogo na mbwa. Karibu wote hufanya jambo lilelile: hurudi nyuma hatua mbili, hukunja mikono kifuani, hutazama rangi. Wachache hukishika kitambaa. Sijampata hata mmoja aliyeuliza, siku hiyo ya kwanza, nani atakifua.

Mimi naanza na swali hilo, na nakushauri wewe unayeingia kwenye kazi hii ya kushona mapazia na kuvika makochi uanze nalo pia, kwa sababu likishajibiwa nusu ya majora yanaondoka mezani yenyewe. Mapazia yatakayofuliwa nyumbani kwa mashine hayawezi kuwa ya hariri. Yatakayopelekwa kwa dobi mara moja kwa mwaka yanakupa uhuru zaidi. Na kama hakuna atakayefua kabisa (nyumba za aina hii ni nyingi kuliko watu wanavyokubali), tafuta kitambaa chenye uso laini, kisicho na matundu ya kukamata vumbi, kinachoridhika kwa kukung'utwa. Mteja atakueleza nyumba anayoitamani. Wewe unaishonea nyumba aliyonayo.

Jifunze nyuzi kabla ya majina ya vitambaa. Mahameli si uzi, ni namna ya kufuma: kuna mahameli ya pamba, ya hariri, ya poliesta, na kila moja ina tabia zake ukiilowesha. Satini ni vivyo hivyo. Muuzaji akikwambia tu "hii ni satini", amekwambia jinsi inavyong'aa, hajakwambia itakavyofulika.

Tabia ya uzi inaanzia kwenye maji. Katika hewa ya kawaida, sufu hubeba unyevu wa kiasi cha asilimia 16 ya uzito wake mkavu, kitani kama 12, pamba kama 8, na poliesta haifikishi hata 1. Ukizielewa namba hizo nne umeelewa mengi. Shuka ya pamba au kitani hunyonya jasho, kwa hiyo mtu hulala vizuri; ya poliesta humwachia jasho lake. Upande wa pili, pazia la poliesta hukauka upesi, halinywei, halikunjamani. Ila poliesta inayokataa maji huyapenda mafuta. Ukiona kochi lina doa jeusi pale watu wanapoegemeza vichwa, na doa haliondoki kwa sabuni ya kawaida, mara nyingi umekutana na poliesta.

Viskosi, uzi unaotengenezwa kiwandani kutokana na massa ya mbao, ndiyo inayowadanganya wanaoanza. Hudondoka vizuri, hushika rangi nzito, ukiipapasa unadhani hariri. Ikilowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, na tone la maji safi laweza kuacha alama juu yake. Kitani ni kinyume: kikilowa huwa imara zaidi. Tatizo lake ni mikunjo, na mteja asiyevumilia mikunjo usimshonee kitani, maana hakuna pasi itakayokuokoa. Sufu ina sifa ambayo wengi hawaijui, kwamba haishiki moto kwa urahisi, na ina adui anayejulikana na wote, buu la nondo.

Huna uhakika kitambaa ni cha nyuzi gani? Chomoa uzi mmoja wa mtande (unaokwenda na urefu wa jora) na mmoja wa mshindio (unaokatiza upana wake), maana nyuzi hizo zinaweza kuwa za aina mbili tofauti, ushike kila mmoja kwa koleo la chuma juu ya sinki na uuwashe. Pamba, kitani na viskosi huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Sufu na hariri hunuka kama nywele zilizoungua, na ukiondoa moto huelekea kuzimika zenyewe. Poliesta hujikunyata, huyeyuka, kisha huacha shanga ngumu. Ukipata jivu na shanga pamoja, ni mchanganyiko. Jaribio hili haliwezi kukutofautishia pamba na viskosi. Hapo lowesha uzi na uuvute. Wa viskosi hukatika kwa urahisi.

Sasa tuje kwenye kochi. Vitambaa vya kuvika viti huwa na namba ya jaribio liitwalo Martindale: kipande husuguliwa na sufu tena na tena hadi nyuzi zianze kukatika, na idadi ya misuguo huandikwa kwenye sampuli. Chini ya 10,000 ni cha kupamba, mito ya kuangaliwa tu. Kati ya 15,000 na 25,000 kinatosha kochi la familia la kila siku. Kuanzia 25,000 hadi 30,000 kitahimili nyumba yenye pilikapilika, na kuzidi hapo unaingia kwenye vitambaa vya hoteli na ofisi. Usilewe na namba hiyo, hata hivyo. Inakwambia nyuzi zitakatika lini, haikwambii uso utachakaa lini. Nimewahi kuvika viti kwa kitambaa cha zaidi ya 40,000 kikaota vifundo vidogovidogo kabla ya mwaka kuisha. Hakuna uzi uliokatika, lakini mteja hakutaka kusikia habari za nyuzi. Kuota vifundo kuna kipimo chake chenyewe, cha 1 hadi 5, na kadiri kinavyopanda ndivyo kitambaa kinavyobaki safi. Muulize muuzaji. Akikosa jibu, sugua kitambaa kwa kitambaa mara hamsini kwa mkono wako.

Jaribio jingine la mkono: shika kitambaa kwa vidole gumba viwili vikiwa karibu, uvute kwenda pande mbili. Nyuzi zikisogea na kuacha mwanya, zitasogea hivyohivyo kwenye mshono siku mtu mzito atakapokaa. Kisha chukua kitambaa cheupe cha pamba, sugua kikiwa kikavu, kisha kikiwa na maji. Kinachochuja hapo kitachujia suruali ya mgeni.

Na mahameli, jamani, ina uelekeo. Papasa: upande mmoja mkono unateleza, upande mwingine unakwama, na rangi inabadilika kati ya kung'aa na kuiva. Vipande vyote vya kochi moja lazima vielekee upande mmoja. Mwaka wangu wa pili kazini, ili kubana kitambaa, nilikata kipande cha kiti kimoja kikiwa kimelala. Kitambaa kilitosha. Kochi likawa la rangi mbili, na nikanunua kitambaa kingine kwa pesa yangu.

Mapazia ndiyo yatakayokupa kazi nyingi na hasara nyingi, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Usipime dirisha, pima fimbo. Fimbo inapaswa kulizidi dirisha kama sentimita 20 kila upande ili pazia likifunguliwa lisizibe mwanga. Dirisha la sentimita 160, basi, linataka fimbo ya 200. Ili pazia liwe na mawimbi, kitambaa kinahitaji upana wa mara 2 hadi 2.5 ya fimbo. Ukiweka mara moja na nusu utapata shuka iliyoning'inizwa. Tuchukue mara 2: sentimita 400. Kitambaa cha mapazia mara nyingi kina upana wa sentimita 140, kwa hiyo unahitaji vipande 3 vilivyoungwa, yaani kimoja na nusu kwa kila pazia, na ile nusu huwekwa upande wa ukutani ambako mshono hauonekani. Baada ya pindo za pembeni utabaki na karibu mara mbili, inatosha.

Urefu sasa. Kutoka kwenye fimbo hadi sakafuni sentimita 250, ongeza 20 za pindo la chini na 10 za juu: 280. Kitambaa kisicho na maua kitahitaji 280 mara 3, mita 8.4. Kitambaa chenye maua kina hesabu nyingine, na hapa ndipo wengi hulia. Kama ua linajirudia kila sentimita 64, kila kipande lazima kianzie mahali palepale pa ua ili mishono isikate majani katikati. 280 gawanya kwa 64 ni 4 na kitu, kwa hiyo unapanda hadi 5: sentimita 320 kwa kipande, mita 9.6 kwa jumla. Mita 1.2 za ziada, kwa dirisha moja tu. Nunua zote siku moja, na hakikisha namba ya mkupuo wa rangi iliyoandikwa kwenye jora ni ileile. Majora mawili ya rangi moja yaliyochovywa siku tofauti hufanana dukani na kugombana dirishani.

Pamba inanywea. Asilimia 3 hadi 5 ni jambo la kawaida kwa pamba ambayo haikushughulikiwa kiwandani, na kwenye pazia la sentimita 250 hiyo ni kama sentimita 8 hadi 12. Nilipoambiwa hivyo nikiwa mwanafunzi, niliona ni kitu kidogo. Mteja mmoja akafua, akapiga simu kuniuliza kama nyumba yake imeinuka. Tangu hapo nafua kitambaa kabla ya kukata, au napima kipande cha mraba, nafua, napima tena. Bitana, kile kitambaa cha nyuma ya pazia, nayo iangaliwe hivyohivyo. Ukiweka pamba mbele na bitana ya poliesta nyuma, pamba itapanda, bitana itabaki chini ikichungulia kama shimizi. Acha pindo la bitana lisishikamane na la pazia, liwe fupi kwa sentimita 2 au 3.

Usiiache bitana kwa kubana gharama. Jua ndilo linalokula mapazia, na hariri isiyo na bitana kwenye dirisha lenye jua huchanikachanika yenyewe baada ya muda, bila mtu kuigusa. Uimara wa rangi mbele ya mwanga hupimwa kwa skeli ya 1 hadi 8. Kwa mapazia tafuta 5 kwenda juu. Chumba kikiwa na jua kali mchana kutwa, zungumza na mteja kuhusu poliesta, au akriliki, uzi mwingine wa kiwandani, iliyotiwa rangi kabla ya kuwa uzi, ambayo rangi yake imeingia hadi ndani. Wanaopenda vitu vya asili watakunja uso. Waache wakunje, kisha waonyeshe pazia lililopauka.

Nimechelewa kufika kwenye rangi, na si kwa bahati mbaya. La msingi ni kwamba rangi haichaguliwi dukani. Vitambaa viwili vinavyofanana kabisa chini ya taa ya duka vinaweza kutofautiana kabisa kwenye mwanga wa jua, kwa sababu rangi zilizotumika kuvitia si zilezile. Omba kipande cha mita moja, siyo kile cha kiganja, ukitundike mahali pake halisi na ukitazame asubuhi, adhuhuri na usiku taa zikiwaka. Simama pia mlangoni: maua madogo sana ukiyatazama kwa mbali huyeyuka na kuwa rangi moja, na mara nyingi ni rangi ambayo hukuitaka. Kuchanganya michoro si kugumu kama vitabu vinavyodai. Iwe na ukubwa tofauti na ishirikiane angalau rangi moja. Mimi mwenyewe huweka utulivu kwenye vitu vikubwa, kochi na zulia, na kuruhusu makelele kwenye mito, kwa sababu mto huvuliwa foronya kwa dakika mbili.

Zulia dogo katikati ya sebule huonekana kama limesahauliwa. Miguu ya mbele ya makochi ikae juu yake, na chini ya meza ya chakula lizidi meza kwa sentimita 60 kila upande, ili kiti kikivutwa kisibaki mguu ndani mguu nje. Usiweke la juti mahali penye maji. Hulowa, hukauka likiwa na madoa ya kahawia. Na ukiingia chumba chenye vigae na kuta tupu ukasikia sauti yako ikikurudia, zulia na mapazia mazito vitafanya kazi ambayo hakuna picha ya ukutani itakayoifanya.

Mto ulionyong'onyea dawa yake ni rahisi: foronya ya sentimita 45 ipewe mto wa ndani wa 50.

Nikimaliza kazi naacha bahasha. Ndani naweka kipande cha kila kitambaa, aina ya nyuzi, namba ya mkupuo wa rangi, na maelezo ya kufua kwa maneno ya kawaida: maji baridi, usikamue, anika kivulini. Juu ya bahasha naandika jina la mtu niliyetajiwa siku ya kwanza kwamba ndiye atakayefua, na namkabidhi yeye mkononi. Mara nyingi si yule aliyechagua rangi.