Wamekukataa kwa sababu ya hali yako? Msome Heathcliff kwanza

Juzi msomaji wangu mmoja aliniandikia ujumbe mrefu usiku wa manane. Anauza mitumba. Alipeleka barua ya posa kwa watu wenye nafasi zao, mshenga akarudi na jibu kwamba binti yao hakusomeshwa ili akaishi chumba cha kupanga. Swali lake likawa moja tu: "Dada, nataka hela kwa njia yoyote, nirudi pale wanikome. Nianzie wapi?"

Mdogo wangu, na nyinyi wengine mnaosoma hapa mkiwa mmeuma meno, nawajua. Mnataka kutoka. Hakuna anayefungua ukurasa huu kwa sababu karidhika na alipo. Kwa hiyo sitakuambia usitafute hela. Nitakuambia yaliyonikuta.

Mama yangu alikuwa mama ntilie, Manzese. Ugali wake na maharage ndivyo vilivyonisomesha, na sioni haya kulisema. Chuoni nikapendana na kijana wa Mbezi Beach. Mdogo wake alipopata kipaimara nikaalikwa kwao, nikavaa gauni la kitenge alilonishonea mama. Shangazi yake akanihoji: kwenu wapi, mama anafanya kazi gani? Nikajibu kama ilivyo. Akacheka kidogo, akawageukia wenzake: "Basi mpelekeni jikoni asaidie vyombo, kazi anaijua." Nikaenda. Nikasugua sahani zenye mchuzi ulioganda, macho yangu dirishani. Nje, bustanini, yule kijana alikuwa amesimama na glasi ya soda, anapiga soga na wageni. Hakuja jikoni hata mara moja. Baada ya siku ile simu zilipungua, kisha zikakoma.

Miezi ile ndipo nilipokisoma Wuthering Heights, riwaya ya Emily Brontë, niliyoinunua kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta. Brontë alikuwa binti wa mchungaji wa kijiji cha Haworth, huko Yorkshire, Uingereza. Kitabu kilitoka mwaka 1847 kwa jina la bandia la Ellis Bell, na mwaka uliofuata mwandishi akafariki akiwa na miaka 30 tu. Hakuwahi kuchapisha riwaya ya pili. Lakini aliijua habari ya dirisha.

Heathcliff ni mtoto aliyeokotwa Liverpool, mchafu, ana njaa, rangi yake imekolea, hana hata jina. Mzee Earnshaw anamleta shambani na kumpa jina la mwanawe aliyekufa. Binti wa nyumba, Catherine, anaivana naye kama pacha. Kaka yake, Hindley, anamchukia. Mzee alipofariki, Hindley alimtoa Heathcliff kwenye masomo na kumsukumia huko waliko vibarua. Jioni moja Heathcliff na Catherine wanakwenda kuchungulia nyumba ya kina Linton, matajiri wa jirani, na jibwa la pale linamng'ata binti mguu. Binti anaingizwa ndani, anaoshwa miguu kwa maji ya moto, anapakatishwa sahani ya keki. Heathcliff anafukuzwa. Anabaki nje, anatazama dirishani. Catherine anakaa huko wiki tano, anarudi Krismasi amevaa kama bibie, anamcheka mwenzake kwa uchafu.

Pale nilikifunga kitabu, nikalala.

Nilipokifungua tena nikakutana na sehemu ambayo ningewalazimisha wachumba wote waisome. Catherine amekubali kuolewa na Edgar Linton. Anamweleza Nelly, mtumishi wao, kwamba kwa jinsi kaka yake alivyomshusha Heathcliff, kuolewa naye kungekuwa kujidhalilisha. Heathcliff amekaa kwenye benchi gizani, anasikia. Anainuka, anatoka. Sekunde chache baadaye Catherine anasema kwamba Heathcliff ndiye nafsi yake mwenyewe. Hayo mwenzake hayakumfikia. Alishaondoka, na hakuonekana kwa miaka mitatu.

Anarudi tajiri, na hakuna anayejua hela kaipata wapi. Na kisasi chake, sikilizeni hapa, ni cha makaratasi. Anacheza kamari na Hindley mlevi mpaka siku Hindley anakufa kila kipande cha shamba kimewekwa rehani, na mwenye rehani ni Heathcliff. Anamwoa Isabella, dada yake Edgar, bila chembe ya upendo. Baadaye anamfungia ndani binti wa Catherine na Edgar hadi akubali kuolewa na mwanawe mgonjwa, kisha mgonjwa huyo anamwandikia baba yake urithi wa vitu vyote vinavyohamishika, halafu anakufa. Ardhi ya kina Linton Heathcliff anaing'ang'ania hivyohivyo, maana mjane hana hela ya kwenda mahakamani. Nyumba mbili zikawa zake.

Wapo wanaomwita huyu mwanamume wa ndoto. Mwanamume aliyemtundika kijibwa cha mchumba wake kwa leso usiku wa kutoroka naye! Wadada, hebu tuheshimiane.

Sasa nirudi kwangu. Miaka ya mkaa, mchele wa mkopo na sufuria za kukodi naiacha, haina utamu. Leo mimi ni mpishi wa shughuli. Nina vijana wangu, gari langu, vyombo vyangu, na kamati za harusi zinanitafuta zenyewe. Mwezi uliopita nikapigiwa simu: harusi, wageni 400, Mbezi Beach. Nikalitambua jina la ukoo. Nikalijua na geti.

Niliwapigia hesabu kwa bei yangu ya kila siku, sikupandisha hata shilingi. Nikapika pilau ambalo mpaka leo watu wananitumia ujumbe kulisifia. Nilivaa vizuri pia, sitaficha. Nikasimama nyuma ya meza ya chakula nikisubiri. Shangazi akaja na sahani yake, amezeeka, miwani minene. Nikampakulia mwenyewe. Akanitazama usoni: "Asante mwanangu, umetoka wapi na mapishi haya mazuri?" Nikamwambia, Manzese, mama yangu alikuwa mama ntilie. Akasema, "Hongera yake," akaenda kukaa.

Hakunikumbuka. Maneno niliyolala nayo na kuamka nayo, yeye aliyasahau pengine kabla vyombo havijakauka. Nilitamani nimkumbushe, na nakiri bado linaniwasha. Lakini foleni ilikuwa ndefu na nyama ilikuwa inapoa.

Ndipo nilipoelewa kwa nini nusu ya pili ya kile kitabu inasikitisha hivyo. Heathcliff anapokamilisha mipango yake, wabaya wake wako kaburini. Hindley amekufa. Edgar amekufa. Catherine alishatangulia zamani. Waliobaki wa kuadhibiwa ni watoto: Hareton wa Hindley, aliyemnyima kusoma makusudi ili awe kama alivyofanywa yeye, na Cathy mdogo, yule binti wa Catherine. Hawajamkosea kitu. Mwishoni yeye mwenyewe anamwambia Nelly kwamba ameshapata mitalimbo na sururu za kuzibomoa nyumba zote mbili, na sasa hana hamu ya kuinua hata kigae kimoja. Watoto wale, wakati huo, wamekaa na kitabu, Cathy anamfundisha Hareton kusoma.

Kwa hiyo, mdogo wangu, tafuta hela. Ila usiitafute kwa ajili yao. Narudia, usiitafute kwa ajili yao, maana ukifanya hivyo wao ndio watakaokupangia uvae nini, uendeshe nini, uishi mtaa gani, na wala hawatajua kama wanakupangia. Usimchumbie binti mwingine wa ukoo ule ili kuwachoma roho. Isabella alilipa deni lisilo lake. Halafu nimesoma ujumbe wako mara mbili: umeniandikia alichosema baba, alichosema mjomba, alichosema mshenga. Binti mwenyewe hayumo. Mpigie simu, na akianza na neno usilolipenda, usikate.

Hela ya mitumba ikikua, nunua kiwanja kwa jina lako. Heathcliff angeweza kununua shamba popote Uingereza. Wewe angalia Kibaha, angalia Chanika, popote ambako geti lao halionekani.