Midway, San Diego: na bibi mwenye magoti mabovu na mtoto wa miaka 3

Dada, uliuliza kama mnaweza kutembelea Midway, meli ya zamani ya kubeba ndege za kivita ambayo sasa ni makumbusho, mkiwa na bibi na mtoto. Inawezekana, ila tengeni muda wa masaa manne na mfike mlango unapofunguliwa, saa 4 asubuhi. Wa mwisho huingizwa saa 10 jioni, na meli hufungwa saa 11.

Anzeni juu, kwenye sitaha ya kurukia ndege. Hakuna kivuli cha maana pale na chuma hushika joto haraka, kwa hiyo kofia na maji. Bibi apande kwa lifti. Mshikeni mtoto mkono: ndege zimefungwa kwa minyororo, na ndiyo inayokwaza watu wakitazama juu kwa juu ndege ya kivita ya Tomcat. Foleni ya mnara wa nahodha ipangeni mapema, maana ikifika adhuhuri huwa ndefu. Bibi asiupande, ngazi zake ni nyembamba na zimesimama wima karibu kama za kupandia darini.

Chini (jiko, zahanati, chumba cha injini) kigari cha mtoto hakifai kabisa. Mbebeni mgongoni. Kila mlango una kizingiti cha chuma kilichoinuka, kazi yake kuzuia maji yasisambae meli ikitoboka, na leo kazi yake ni kuchuna miundi ya wageni. Mkishuka ngazi, geukeni muitazame, mikono yote miwili kwenye vyuma.

Wakati nyie mko chini, bibi abaki kwenye sitaha ya gereji ya ndege: kuna kivuli, viti, na Dauntless, ndege ya kivita ya Vita Vikuu vya Pili. Viatu viwe vya kufunga, ndala hapana.