Maswali na majibu: Saa 24, saa 4 na haki zako ukiwa mikononi mwa polisi

Mwanangu alichukuliwa Ijumaa jioni kwa tuhuma za kuiba simu. Kituoni wanasema tusubiri Jumatatu. Ni halali? (Mama, Kiborloni, Moshi)

Pole sana mama. Aliyekamatwa bila hati hufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa kwa kosa lenye adhabu ya kifo. Ikionekana hilo haliwezekani, mkuu wa kituo anatakiwa alitazame shauri na, kama kosa si zito, amwachie kwa dhamana. Kwa hiyo mahakama kufungwa wikiendi ni hoja ya kumpa dhamana, si ya kumnyima. Mwone mkuu wa kituo mwenyewe, ukiwa na mdhamini mwenye kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa. Dhamana ya polisi hailipiwi hata shilingi. Ukidaiwa, piga TAKUKURU, 113.

Nilisaini maelezo polisi bila kuyasoma. Nitayakataaje? (Bodaboda, Ngarenaro, Arusha)

Kutosoma peke yake ni hoja dhaifu, usiitegemee. Angalia muda kwanza. Polisi wana saa 4 za kukuhoji tangu uwe chini ya ulinzi. Muda wa kukusafirisha hadi kituoni, au wa kumsubiri wakili au ndugu uliyemwomba, hauhesabiwi. Mkuu wa upelelezi anaweza kuongeza saa nyingine zisizozidi 8. Zaidi ya hapo huombwa kwa hakimu. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda bila nyongeza yanaweza kukataliwa. Ni hivyo pia kama hukuonywa kwamba hulazimiki kusema lolote, au yalipatikana kwa kipigo, vitisho au ahadi. Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba inakataza mateso, na haina msamaha kwa kosa lolote.

Wengi hupotezea pingamizi lao hapa: wanalisubirisha hadi zamu ya utetezi. Simama pale mwendesha mashtaka anapoomba maelezo yapokelewe kuwa kielelezo, kabla hayajapokelewa. Mahakama itasimamisha kesi ya msingi ichunguze kwanza yalivyopatikana. Yakishaingia kwenye kumbukumbu, umechelewa. Andika leo saa uliyokamatwa na waliokuona ukikamatwa, kisha ulinganishe na saa zilizoandikwa kwenye maelezo yenyewe.

Nikikaa kimya, si nitaonekana nimekiri?

Hapana. Ibara ya 13(6)(b) inakuhesabu huna hatia mpaka ithibitike, na mzigo wa kuithibitisha ni wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka.

Walipekua nyumba yangu saa 5 usiku. (Sakina, Arusha)

Hati ya upekuzi hutekelezwa kati ya mawio na machweo, labda mahakama iruhusu vinginevyo. Upo upekuzi wa dharura bila hati, lakini dharura yenyewe lazima ielezwe mahakamani. Dai orodha ya vitu vilivyochukuliwa, yenye saini yako na ya shahidi huru. Usisaini orodha yenye nafasi tupu.

Mahakama ya Afrika iko hapa hapa Arusha. Naweza kuipelekea shauri langu?

Si moja kwa moja. Tanzania iliondoa tamko la kuruhusu watu binafsi kuipelekea mashauri mwezi Novemba 2019, na hatua hiyo ikaanza kazi Novemba 2020. Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo ya hapa Arusha, bado inapokea mashauri ya wananchi yanayodai Mkataba wa Jumuiya umevunjwa, ila ndani ya miezi 2 tu tangu tendo litokee au ulijue. Haisikilizi rufaa ya hukumu ya jinai. Rufaa ya hukumu ya Mahakama ya Wilaya huenda Mahakama Kuu: taarifa ya kusudio ndani ya siku 10, sababu za rufaa ndani ya siku 45.