Kwa nini mbu anakojoa huku anakunyonya

Umeuliza kile kitone kinachotoka nyuma ya mbu akiwa bado anakunyonya ni nini, basi ni mkojo huo ndugu 😂 Mbu akishiba damu anakuwa mzito mara mbili au zaidi, na damu yenyewe maji na chumvi tele, sasa asipopunguza haraka ataruka vipi na mkono wako unakuja? Tumbo likivimba tu, mfumo wa neva unamwaga homoni kwenye damu yake, zinafika kwenye vile vijibomba vya Malpighi (mbu anavyo 5, ndo kama figo zake), vinaanza kusukuma sodiamu na maji nje fasta. Anofelesi (yule mbu wa malaria) kitone chake mara nyingi kina wekundu, damu yako hiyo anaimwaga.